Miguu ya Somoe

Sheria ilitaka kila msimamizi, akishafika nyumbani, avae mkanda na kwa saa nzima aumie kama walivyoumia watu wake kazini. Bi Fatu wa kiwanda cha korosho alijifunga wake, akalala kifudifudi mkekani. Mumewe akamkanda kwa mafuta ya nazi.

“Mgongo wa nani huu?”

“Wa Asumini. Kabeba magunia.”

“Kumbe nimeoa kiwanda kizima.”

Bi Fatu hakucheka. “Baba Likapa, miguu ya Somoe siisikii. Haijakosa kuuma hata siku moja.”

“Si kapumzika, mama.”

Asubuhi ya siku hiyo Somoe alikuwa ameomba ruhusa aende hospitali. Bi Fatu akamwambia avumilie mpaka Ijumaa.

Saa ilipotimia, mumewe akataka kuufungua mkanda.

“Uache kwanza,” Bi Fatu akasema, huku akiiminya miguu yake, akiiomba iume.