Baraza la Saa Mbovu

Jumatatu asubuhi mjukuu alitumbukiza saa ya mezani ndani ya ndoo ya maji, akahesabu hadi sitini, akaitoa na kuipiga picha. Kisha akaingia mtandaoni kwa jina la Mpishi wa Shule, akaandika: "Wajuzi, saa yangu imeanguka majini. Nifanyeje?"

Baada ya robo saa kitanda kikalia katika chumba cha pili. Babu alikuwa ameinuka kuandika jibu.

Mtandao wenyewe ulikuwa mpya. Watu walikuwa wakiuhamia makundi kwa makundi, kwa kuwa ule mkubwa ulijaa matusi na matangazo. Huku kila jambo lilikuwa na baraza lake, hata liwe dogo namna gani. Wafuga konokono walikuwa na lao. Wakusanya vifungo vya makoti walifika mia nne, na tayari walikuwa wamegombana na kugawanyika mara mbili.

Mjukuu alifungua Baraza la Saa Mbovu kwa ajili ya mtu mmoja. Babu alikuwa fundi saa kwa miaka arobaini na sita. Kila saa aliyoitengeneza, kabla ya kuifunga, aliikwaruza ndani ya mfuniko kwa ncha ya sindano: tarehe ya siku hiyo na alama yake mwenyewe, unyayo wa kuku. Alisema mkono wake haujui kufunga saa bila hilo. Mwaka jana mwenye jengo alikigeuza kibanda chake kuwa duka la simu. Babu akarudi nyumbani na kreti la saa ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, akaapa kwamba hatafungua nyingine, akalala akiutazama ukuta. Chakula akawa anakionja tu.

Kuzungumzia saa, hata hivyo, hakukuwamo katika kiapo.

Sheria ya mtandao ilikuwa moja na ngumu: baraza jipya likitimiza siku tisini bila kufikisha wachangiaji thelathini, linafungwa. Kwa hiyo mjukuu alibuni wachangiaji kumi na wawili. Dhamiri ilimsuta, lakini babu alikuwa ameanza kumaliza sahani yake.

Babu alijifunza haraka kutumia simu ya zamani ya mama. Alimuuliza mjukuu jambo moja tu.

"Mke wangu, humu ni lazima watu waseme majina yao ya kweli?"

"Si lazima, babu," mjukuu alijibu, akitazama pembeni.

"Vizuri. Watu huwa wanaona aibu na saa zao."

Wiki ya tano wakaanza kuja wageni ambao mjukuu hakuwabuni. Alikuja Mstaafu wa Reli, akaja Mama Pacha, akaja Robo Kasoro. Walikuwa watu wastaarabu mno. Walituma picha za saa zao, mifuniko ikiwa wazi, wakamshukuru Fundi kwa neno moja au mawili, kisha wakageukia kumsifu msimamizi wa baraza. Mstaafu wa Reli alitaka kujua msimamizi amesomea wapi kuandika vizuri namna hiyo. Robo Kasoro alisema mwajiri atakayempata atakuwa na bahati. Mama Pacha aliomba muhtasari wa mijadala utolewe kila siku saa mbili asubuhi, maana mchana ana watoto.

Mjukuu alikuwa na shahada moja na barua arobaini na moja za kuomba kazi ambazo hazikujibiwa. Tangu ile ya thelathini alikuwa akilala hadi adhuhuri. Sasa saa kumi na mbili ilimkuta macho, akiandika muhtasari. Picha hakuzikuza. Saa zilikuwa kazi ya babu, yeye alisoma maneno.

"Nilikuwa na maiti wawili humu ndani," mama alimwambia jirani. "Sasa wote wanaamka kabla yangu. Ila sijui nani anamaliza zile saa za kwenye kreti."

Mjukuu, aliyesikia, alikuwa amechukua tano tu.

Siku ya themanini na tisa idadi ilikuwa ishirini na tisa: kumi na wawili wa kubuni, yeye, babu, na wageni kumi na watano. Angeweza kubuni mmoja zaidi. Lakini alitaka huyo wa thelathini awe mtu kweli, ili baraza lisimame kwa haki, walau kwa mguu mmoja. Alikaa na simu mkononi akiiangalia idadi, akiuona tena mgongo wa babu na ule ukuta.

Mchana, babu akiwa amejifungia kulala kama kawaida yake, wa thelathini alijiunga. Jina lake lilikuwa Abiria wa Mbali. Aliandika kwamba anaishi nchi nyingine kabisa, kwamba saa yake imesimama, na kwamba amefungua mfuniko na kuupiga picha. Fundi asisumbuliwe, alisema. Angependa kusikia maoni ya msimamizi mwenyewe, kesho, saa mbili asubuhi.

Baraza lilikuwa limepona. Mjukuu alifuta macho, akaikuza picha ili ajibu vizuri.

Kwenye kona ya mfuniko palikuwa na unyayo wa kuku, na tarehe ya leo.

Alifungua picha ya Mstaafu wa Reli, kisha ya Mama Pacha, kisha nyingine zote. Kuku alitembea kutoka picha hadi picha, tarehe baada ya tarehe, tangu wiki ya tano.

Mjukuu alizifunga picha zote. Kisha akaingia kwa jina la Mpishi wa Shule, akaandika: "Karibu, ndugu Abiria. Hapa tuko wengi."