Bingwa Hatoi Mji

Katika zama hizo, mchezaji wa sataranji hapandi daraja mpaka akubali kufutwa kumbukumbu, kichwa kipate nafasi ya michezo mipya. Sihaba wa Tanga alipanda hadi akawa bingwa mkuu. Ubingwa wa taifa ulikwenda na sura ya marehemu baba yake. Ubingwa wa Afrika ukachukua miaka yake yote ya shule. Juzi alitwaa wa dunia, na mama yake, Bi Nunu, hakuambiwa huo umekwenda na nini.

Alimpikia mkate wa kumimina, akamtazama akila.

"Mtamu, mama," Sihaba alisema. "Unaupikaje?"

"Kwa mikono, bingwa. Wewe umezoea vya hotelini."

Wakacheka. Bi Nunu akavuta kigoda karibu.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai," Sihaba akajibu papo hapo.

Bi Nunu akainamia sahani. Tangu udogoni mwanawe alilijua jibu hilo, na hakuwahi kulisema hata siku moja. Alikuwa akijitia hajui, anampa mama mji wa Pangani, ili mama asimulie alivyofika Pangani, akala nini, akalala kwa nani, mpaka usingizi umchukue mtoto mapajani.

"Nimekosea?" Sihaba aliuliza.

"Hujakosea, mwanangu. Umeshinda."

Sihaba akatabasamu, akakaa wima, akangoja kingine.