Diski Yenye Pande Mbili

Jumamosi, tarehe saba Juni. Asubuhi ilikuwa ya manyunyu.

Mama Atupele aliigawa diski ya kompyuta kuukuu ya marehemu mumewe. Upande mmoja aliacha mfumo endeshi wa zamani, wenye nyimbo za mumewe na kwaya. Upande wa pili aliweka mfumo mpya kwa masomo yake ya jioni. Alipoiwasha, skrini ikamtaka achague mfumo wa kufungua. Kama alikosea kugawa, sauti ya mumewe ilikuwa imefutika.

"Tuombe kwanza," akawaambia binti yake Atupele na wifi yake, waliokaa naye sebuleni.

"Mama, hiyo haisubiri amina!" Atupele akaonya. "Usipochagua haraka, inajichagulia."

Lakini mama alikwisha kufumba macho. Aliwaombea walimu, wagonjwa, hata mafundi umeme. Alipofumbua, mfumo wa zamani ulikuwa umefunguka wenyewe. Atupele akabofya wimbo. Sauti nzito ya besi ya baba yake ikajaa sebuleni, nyuma kidogo ya wenzake.

"Kaka yangu huyo," wifi mtu akacheka. "Mpaka leo anachelewa kuingia!"

Mama Atupele akaweka kiganja juu ya kompyuta iliyopata joto.

"Ninyi ni mashahidi," akasema. "Kule upande mpya nitasoma mpaka nihitimu. Huku kwake sitafuta kitu."