Jiwe la Kufungia Meli

Bibi Angharad alisimama gatini, kidole gumba amekiingiza kwenye mfuo uliochimbwa jiweni na kamba za meli za makaa ya mawe, enzi hizo. Bandari yetu ilijaa tope zamani. Sasa kondoo wanakula majani pale zilipoelea meli. Lakini asubuhi hiyo ukungu uliijaza tena hadi ukingoni, mweupe, ukitikisika kama maji.

"Haya, nenda," akaniambia. "Hicho kiwanda cha Waingereza hakitakusubiri. Na usinilize mbele ya kondoo."

"Utanitazama nikienda, Bibi?"

"Una wazimu wewe?"

Kwetu, anayeaga meli hugeuka mapema. Ukiitazama mpaka ipotee, hairudi. Bibi alimtazama babu hivyo mara moja tu, ndoa yao ikiwa na miaka sita, mpaka tanga likamezwa na bahari. Tangu hapo wanawe wote aliwaaga akiwapa mgongo.

Nami akanipa mgongo. Nikashika njia ya reli ya zamani, inayoteremka ndani ya bandari juu ya mataruma yaliyooza. Ukungu ukanifika magotini, kiunoni, kifuani.

Nikageuka, mjinga mimi.

Alikuwa amenigeukia. Shali ilimdondoka begani, wala hakuiokota. Alikuwa akinitazama bila kupepesa.

"Bibi, geuka!"

"Siwezi, mwanangu."

Hatua moja tu zaidi, ukungu ungenifunika. Nikaweka sanduku chini, nikasimama palepale.