Kombe Limemkosea Nini

Fundi wa friji alivua jezi yake, akaikunja mara mbili, akapiga magoti na kufutia soda iliyomwagika sakafuni. Alipomaliza aliitupa chini ya kiti, akabaki na fulana ya ndani.

"Angalau leo imefanya kazi," alisema.

Hakuna aliyecheka. Ukumbi wa kuonyeshea mpira ulikuwa umefurika tangu mchana, viti vya plastiki vimebanana hadi mlangoni, na sasa ulinuka jasho la watu wasio na sababu ya kubaki wala nguvu ya kuondoka. Matokeo yalikuwa yameganda kwenye televisheni: moja, moja. Sare, na timu iliyokwisha kushuka daraja. Ushindi ungewapa kombe. Sare ililipeleka kombe kwa mahasimu wao.

Mwalimu wa udereva alikuwa ameketi safu ya mbele pamoja na dada yake mkubwa. Wengi humo ndani ni yeye aliyewafundisha kushika usukani, na walijua kwamba hakosi mechi. Sababu aliijua dada yake peke yake. Misimu mitatu iliyopita mchumba wake alimshika mkono akamwambia: tukichukua kombe, mwezi huohuo nawaleta wazee kwenu. Mpaka hapo asimwambie mtu, maana midomo ya watu ina nuksi. Akakubali. Tangu siku ile alikuwa amekataa posa mbili za watu wenye akili zao, na mama yake alikuwa ameacha kuuliza.

"Atakupigia?" dada yake alinong'ona.

"Atapiga. Kila mara hupiga."

"Na atasema mwaka kesho." Dada alisonya. "Ndoa gani hii, mdogo wangu, inayongoja miguu ya watu kumi na mmoja?"

Mwalimu aligeukia mbele. Televisheni ilikuwa inarudia bao.

Yalikuwa yamebaki mashambulizi mawili matatu mchezo uishe, wao wakiongoza. Beki nambari nne alikuwa na mpira karibu na goli lake, hakuna adui aliyemkaribia. Akaurudisha nyuma kwa kipa. Kipa hakuwepo, alikuwa amesogea pembeni kumpa njia ya pasi. Mpira ukabingirika taratibu hadi wavuni. Beki akawa chini, ameshika kifundo cha mguu.

"Litazameni gogo hilo," alisema muuza viatu. "Hata upepo haukumgusa."

"Kateleza," alisema dereva mstaafu wa lori, mtu mpole.

"Kateleza wapi, mzee wangu? Majani yamekauka kama ufagio."

"Mtu huteleza popote. Mimi niliteleza sebuleni kwangu."

"Lakini hukujifunga bao."

Muuza viatu alisimama, akageuka kuwatazama wote kama wakili mbele ya mahakama. "Mwaka juzi, mechi ya kuamua, nani alipewa kadi nyekundu? Huyuhuyu. Mwaka jana, penalti, nani aliupaisha mpira juu ya mwamba? Huyuhuyu. Sasa nauliza kwa ustaarabu: kombe limemkosea nini mtu huyu?"

Safari hii walicheka, kwa sura za watu waliong'ata kitu kilichooza. Mmoja alitema mate nje ya dirisha. Mwingine alisema watoto wake hawatavaa tena rangi zile nyumbani kwake, bora watembee vifua wazi.

"Mwalimu, hebu tuambie," fundi wa friji aliita. "Huyu ungempa leseni?"

"Ngojeni warudie."

Walirudia, polepole, kwa kamera iliyo nyuma ya goli. Mwalimu aliinama mbele. Kazini hakuwa na tabia ya kutazama miguu ya wanafunzi wake, alitazama macho. Anayekanyaga breki kwa kukusudia, jicho lake limekwisha kufika mahali, mguu hufuata tu. Anayekosea, mguu hutangulia na macho humtoka pima baadaye.

Beki aliinua macho. Alimwona kipa pembeni. Akahamishia macho yake golini, penye uwazi, yakatulia hapo. Ndipo akapiga, kwa ndani ya mguu, kwa utulivu wa mtu anayefunga mlango wa chumba alimomlaza mtoto. Alianguka mpira ulipokwisha kuondoka.

Dada yake aliweka mkono juu ya mkono wake. "Twende."

"Mwalimu bado hajajibu," muuza viatu alisema.

Mwalimu alikuwa amesimama.

"Macho yake ni mazuri," alisema. "Anaona vizuri sana."

Wakamzomea. Waliona anamtetea.

Nje, kando ya mapipa ya taka, simu yake iliita kabla hajafika barabarani. Dada yake alisogea hatua chache na kumpa mgongo. Upande wa pili wa simu maji yalikuwa yanamwagika, na mtu fulani alikuwa anapiga kabati la chuma kwa mateke.

"Umeona?" mchumba wake aliuliza. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Nimeona."

"Pole, mpenzi. Nilitaka iwe mwaka huu. Mungu anajua nilivyotaka."

Maji yaliendelea kumwagika.

"Wenzangu hawataki kukaa na mimi. Kocha hanitazami usoni," alisema. "Niliteleza, mpenzi. Niliteleza tu."