Kitabu cha Chooni

Shedrack alirudi kutoka chooni ameshika kitabu kwa ncha za vidole viwili, mkono kaunyoosha mbali na mwili, uso kaukunja. Alikitupa mezani, katikati ya vikombe vya chai na sahani ya viazi. Paskalina, msomaji mwenzake, akavuta kikombe chake haraka.

"Nimekikuta kwenye msumari," alisema Shedrack. "Kuna watu humu ndani wanachambia kitabu."

Kitabu hakikuwa na jalada. Kurasa za mwanzo zilikwisha, za mwisho zilikwisha, lilibaki tumbo tu, limetobolewa pembeni na kupitishwa waya. Kilikuwa na unyevunyevu, na harufu isiyohitaji kuelezwa. Inzi mmoja alikuwa amekuja nacho.

Mpaka dakika kumi zilizopita kikao kilikuwa kitamu. Kikundi chao cha wasomaji, wengine wa Mbeya, wengine wa Iringa mjini, hukutana kila baada ya miezi mitatu nyumbani kwa mmoja wao, na kila mtu husema anasoma nini na anapenda kitabu gani. Safari hii walikuwa Igowole, kwa Anord na mkewe Kalista, wakulima wa chai. Na safari hii kulikuwa na jambo la kuamua. Kikundi kilikuwa na vitabu mia mbili vilivyotafuta nyumba ya kukaa ili watu wa jirani waazime. Kalista aliviomba. Igowole nzima hapakuwa na pa kuazima kitabu, na Anord alikwisha kutengeneza rafu ya mbao za paina, akaipaka vanishi mara mbili. Neno la mwisho lilikuwa la mwenyekiti, Shedrack.

Didas, dereva wa lori, alisema yeye husoma kwenye foleni ya mpakani Tunduma, na kitabu anachokipenda kupita vyote ni riwaya ya mwenyekiti wao, *Chai ya Mwisho wa Mwezi*. Ameirudia mara nne. Shedrack, mwalimu mstaafu wa Kihesa, aliyepata tuzo kwa riwaya hiyo moja na hakuandika nyingine, aliinua mkono kwa unyenyekevu wa watu wasio wanyenyekevu.

"Mimi sikisomi tena," alisema. "Mwandishi akimaliza kazi, amemaliza."

Zamu ya Kalista ilikuwa fupi. "Mimi nasoma asubuhi, nikiwa peke yangu. Ukurasa mmoja, siku nyingine kurasa mbili. Basi." Kisha akamkumbusha Mwalimu kwamba alisoma kwake kidato cha tatu. Shedrack, aliyefundisha mamia, alisema anamkumbuka vizuri sana, halafu akamuuliza jina. Baada ya hapo ndipo alipoomba kuonyeshwa choo.

Sasa alikuwa amesimama juu ya kile kitabu, anajifuta vidole kwa leso, kimoja kimoja.

"Samahani sana, Mwalimu," alisema Anord. "Mimi nilijua ni makaratasi tu. Mama Yunisi ndiye aliyekitundika."

Wote wakamgeukia Kalista. Alikuwa anamimina chai. Hakukana.

"Kweli, Mama Yunisi?" Paskalina alishindwa kujizuia. "Si ungetafuta hata magazeti?"

"Magazeti tunayo," alisema Kalista.

Jibu hilo lilizidisha kinyaa. Didas alikuwa kaziba pua kwa kiganja tangu mwanzo, sasa akageuza na shingo kabisa, akatazama ukutani. Shedrack alikuwa ameona mengi katika miaka thelathini ya ualimu, wanafunzi waliochana vitabu, waliovichora, waliovikalia, lakini hili lilimchafua moyo.

"Mtu wa hivi ndiye tumwachie vitabu mia mbili?" aliuliza. "Si atavimaliza kwa mwaka mmoja?"

Anord aliitazama rafu yake.

"Hebu sikilizeni kilichokuwa kinatupwa shimoni." Shedrack alikifungua kwa leso kwenye ukurasa wa mwisho uliobaki, akakisogeza mbali na pua, akasoma kwa sauti ya darasani.

"'Siku baba alipoondoka, mama alipika ugali wa watu saba. Tulikuwa tumebaki sita. Hakuna aliyemwambia. Tukala, tukanawa, na ule wa baba ukabaki kwenye sahani, siku ya kwanza, siku ya pili, mpaka...'"

Ukurasa ukaishia hapo. Uliofuata ulikuwa umekwishatumika.

Didas alishusha kiganja puani, akageuka.

Shedrack hakuwa anaigiza, sauti yake ilikuwa imelegea kweli. "Mnaona? Aliyeandika haya alitoka jasho. Mtu anakaa anahangaika na maneno kama haya, halafu mwingine anachuchumaa nayo. Simjui huyu mwandishi, lakini namheshimu, na kwa heshima yake vitabu vyetu vinarudi Iringa leo hii."

"Mwalimu, unatania," alisema Didas polepole. "Si ndiyo riwaya yako hiyo?"

Shedrack aliutazama ukurasa. Akafunua uliotangulia, na ule mwingine, safari hii bila leso.

"'Mpaka ukaota ukungu,'" alisema Kalista, akimjazia kikombe, "'ndipo mama akalia.'" Akaweka birika chini. "Kwenye daftari nililokupa kidato cha tatu unisomee, Mwalimu, niliandika sahani ya bati. Aliyekuchapia aliliruka hilo neno."