Saa za Swalha Zimekwisha

Swalha alikuwa amepiga magoti juu ya furushi la mapazia, utepe wa gundi mkononi, Bi Muzdalifa alipomwambia atoke.

"Inuka. Saa zako za wiki zimekwisha."

"Bado furushi moja tu, Bi Muzdalifa."

"Nimesema inuka."

Erastus, mfanyabiashara wa Nairobi aliyenunua mapazia hayo, alicheka kwa uchovu. "Mama, kontena yangu inafungwa leo. Huyu msichana ndiye anajua mzigo wangu. Ngoja kidogo tu."

"Hapana."

"Sasa watu wa Nairobi niwaambie nini?"

"Waambie Guangzhou kuna sheria."

"Aki huyu mnamlinda kuliko benki."

Swalha hakucheka. Chuo kilikuwa kimemruhusu kufanya kazi saa chache kwa wiki, na alizipima kwa simu yake: akiingia dukani kwa Bi Muzdalifa anabonyeza, akitoka anabonyeza. Kerubo, aliyekuwa akilala kitanda cha pili chumbani mwake chuoni, alizidisha saa zake. Polisi walimfuata darasani, akarudishwa kwao. Swalha ndiye aliyempelekea viatu vyake uwanja wa ndege. Na sasa Swalha alikuwa amebakiza muhula mmoja apate cheti.

Hata hivyo, Bi Muzdalifa aliogopa kuliko yeye. Ghorofa nzima ya soko ilimwita Laobani, yaani bosi, lakini hakuwa na raha ya bosi. Asubuhi hakuonekana, alisema huwa soko la Shahe akitafuta mzigo, ingawa mara nyingi alirudi mikono mitupu. Mchana alikaa kwenye benchi la wateja, mkoba mapajani, macho mlangoni.

"Wakikukuta umezidisha," alimwambia Swalha siku ya kwanza, "hawataishia kwako."

Swalha alielewa. Duka lingetozwa faini, pengine lingefungwa.

Lakini sasa alimwonea huruma Erastus. Akainama tena, avute utepe mara ya mwisho.

Nje, Dullah, wakala wa mizigo wa mlango wa pili, alipita akikohoa. Dullah hakuwa na mafua. Kikohozi kile kila mtu ghorofani alikijua, na milango ya chuma ikaanza kushushwa, mmoja baada ya mwingine.

Wa kwao haukuwahi. Polisi wawili walikuwa wameshaingia.

Yule mkubwa alinyoosha mkono. Swalha akampa pasipoti, utepe ukiwa bado umemganda vidoleni. Aliulizwa kwa Kichina amefanya kazi saa ngapi wiki hii. Alitaka kusema uongo. Badala yake akatoa simu, akaifungua, akampa.

Polisi alisoma polepole.

"Umezidisha," alisema.

"Ndiyo," Swalha alijibu.

Polisi aliutazama utepe vidoleni mwake, kisha furushi, kisha uso wake. Erastus aliinamisha kichwa kama mtu aliye msibani. Nyuma yake Swalha alisikia Bi Muzdalifa akihema. Alimfikiria mama yake Tanga, atakavyopokea simu, atakavyouliza mara mbili kwa kutoamini.

Polisi akamrudishia pasipoti.

"Ni kidogo," alisema. "Ukirudia, nitakiandikia chuo. Leo nenda nyumbani."

Swalha aligeuka kumtazama Bi Muzdalifa ili wafurahi pamoja, lakini polisi hakuwa ameondoka. Aliuliza jambo jingine, akilionyesha duka kwa kidevu.

"Anamtaka mwenye duka," Swalha alitafsiri. "Yaani wewe, Bi Muzdalifa. Ni karatasi zako tu anataka."

Bi Muzdalifa aliokota pazia moja, akalipapasa kama mtu ambaye hajaamua kununua. Mkono wake wa pili ulimshika Swalha kwa nguvu.

"Mwambie mimi ni mteja, mwanangu," alinong'ona, huku akimtabasamia polisi. "Na mimi niko hapa kwa viza ya shule, na yangu haina hata saa moja ya kazi."